Fundi wa Eksirei Kanda ya Dhahabu

Sifa za hospitali huishia kwa daktari na muuguzi. Mimi nampongeza fundi wa vifaa tiba, hasa anayehudumia mashine za eksirei huku Shinyanga, Kahama na Geita.

Huku picha ya kifua si anasa. Wachimbaji wadogo wa Nyarugusu na Rwamagasa huvuta vumbi la mawe lenye silika, linaloharibu mapafu na kuyafungulia mlango kifua kikuu. Kiangazi, vumbi la barabarani nalo huingia hadi kwenye feni za mashine.

Fundi mzuri hasubiri mashine izime. Husafisha vichujio vya hewa, hukagua nyaya za umeme mkubwa, breki za stendi na waya wa ethi. Kazi ninayoipenda zaidi ni ya sarafu: huzipanga kwenye kingo za mwanga unaoonyesha miale itapita wapi, kisha hupiga picha. Kwa umbali wa sentimita 100, mwanga na miale vikipishana zaidi ya sentimita 2, hafungi sanduku lake mpaka arekebishe. Akipuuza, mgonjwa atapigwa miale pasipohitajika, na ukingo wa pafu utakosekana kwenye picha. Aproni za risasi nazo hupigwa eksirei, maana ufa wa ndani hauonekani kwa macho.

Tume ya Nguvu za Atomiki hukagua mashine hizi kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2003. Lakini mkaguzi huja na kuondoka. Daftari la mashine analo fundi, na kwenye kikao cha bajeti ya vipuri ningependa yeye ndiye aanze kuzungumza.