Ushauri Nasaha katika Chozi la Heri: Nani Anayemwinua Umu?

Mwalimu mwenzangu, swali la ushauri nasaha katika Chozi la Heri (Assumpta K. Matei, 2014) aghalabu hujibiwa kwa kuwataja walimu na mawaidha yao. Jibu hilo ni nusu tu. Riwaya hii ilitahiniwa katika KCSE kuanzia 2018 hadi 2022, lakini funzo lake kwa shule zenye wanafunzi wa jamii na matabaka mbalimbali halijachuja.

Mtazame Umulkheri katika Shule ya Tangamano. Mama amekwenda zake, baba amefariki, nao ndugu zake wameibwa na Sauna. Mwili u darasani, mawazo yako mbali. Mwandishi anatuonyesha kuwa anayezembea masomoni huenda si mvivu, amelemewa.

Anayemwinua ni nani? Ni wenzake. Kairu, binti wa mchuuzi wa samaki, anasimulia ukimbizi na deni la karo. Mwanaheri anasimulia jinsi mamake, Subira, alivyobaguliwa na mavyaa kwa kutoka jamii nyingine. Zohali alipata mimba akiwa kidato cha pili. Chandachema alilelewa na nyanyake baada ya kutelekezwa na baba.

Mtahiniwa, usiyaone masimulizi haya kuwa yanaikatiza ploti. Hadithi ndani ya hadithi ndiyo mbinu inayobeba maudhui: kila msichana ni mshauri na mshauriwa. Jina la shule nalo ni la kimajazi. Ukoo ulimkataa Subira kwa ajili ya kabila, ilhali bintiye anasikilizwa na wasio wa ukoo wake.

Hata hivyo, tusisifu bila kupima. Umu anafarijika kwa kuona kwamba wenzake wamepitia makubwa zaidi. Je, Zohali naye ajilinganishe na nani? Faraja ya kulinganisha haimfikii aliye chini kabisa. Isitoshe, Umu hasimami imara kwa maneno matupu. Anapata makao kwa Mwangeka na Apondi. Ushauri usiogusa karo, chakula na malazi hauamshi ari ya kusoma.

Kwa hivyo unaposahihisha insha, usitosheke na "kulikuwa na ushauri nasaha". Mdai mtahiniwa aonyeshe nani anasema, nani anasikiliza na nini kinabadilika. Kisha uliulize darasa lako maswali hayo hayo.