Nani Aliiba Episodi ya Tisa?

Msimu wa tatu wa tamthilia ya House of the Dragon umetangazwa kwa 2026, na hapa Mvara, Arua, ubishi umeshapamba moto: nani atapanda joka gani, nani atafia majini, Aemond atatoboa hadi mwisho au la. Mimi sijajiunga na ubishi huo kwa sababu bado nina kesi na msimu wa pili. Ulikuwa na episodi nane wakati wa kwanza ulikuwa na kumi, na mbili zilizokatwa ndizo zingebeba kila kitu tulichoahidiwa.

Turudi kwenye dakika za mwisho za episodi ya nane, ile iliyotufikia alfajiri ya Jumatatu, 5 Agosti 2024. Mliiona. Muziki wa Ramin Djawadi unapanda. Watu wa Kaskazini wanavuka daraja kwa miguu. Jeshi la Lannister liko njiani. Jeshi la Hightower nalo liko njiani, na juu yake kuna joka tunalolichungulia tu, hatuonyeshwi. Corlys anatweka tanga. Meli za Triarchy zinatweka tanga. Aegon, mwili umeungua, anatoroshwa kwa gari la kukokotwa pamoja na Larys. Otto yuko ndani ya kizimba, hatuambiwi cha nani. Rhaena anatazamana na joka la mwituni. Rhaenyra, Alicent, giza, majina ya waigizaji.

Picha ni nzuri, sibishi. Mhariri amekata kwa mkono mwepesi na kila fremu ingefaa kubandikwa ukutani. Lakini hesabuni ni matukio mangapi yametokea ndani ya mfululizo huo. Hakuna hata moja. Watu wanatembea, basi. Ni sawa na mwenye kibanda cha video kuuza tiketi za fainali, akawaonyesha timu zikipasha misuli moto, kisha akazima skrini na kuwaambia mrudi baada ya miaka miwili.

Mwenye jicho la kuangalia mishono ataona kwamba hii haikuandikwa iwe mwisho. Chukueni lile onyesho la Tyland Lannister kwenye tope. Saa ya mwisho ya msimu, kuna uhasama unaosubiri kulipuka, na tunaletewa admirali mpya kabisa, Sharako Lohar, anayetaka kupigana mieleka kwanza ndipo atoe meli, na baada ya mieleka anamwomba Tyland awazalishe wake zake. Kichekesho hicho kingekuwa halali kama wiki inayofuata tungemwona Lohar huyohuyo vitani. Unamtambulisha mtu, unamfanya achekeshe, halafu unamgeuza kuwa tishio: ni ufundi wa kawaida wa episodi ya nane kati ya kumi. Ukiuweka kwenye nane kati ya nane, unabaki na tope.

Halafu Alicent anakwenda Dragonstone kwa siri kumwambia Rhaenyra kwamba atamfungulia milango ya jiji la King's Landing. Olivia Cooke na Emma D'Arcy waliicheza vizuri sana. Ila Rhaenyra naye alikuwa ameshajipenyeza King's Landing kwa siri katika episodi ya tatu, amevaa kama mtawa, kwa mazungumzo ya namna ileile. Kwa hiyo meli za Velaryon zimefunga bahari kiasi kwamba gunia la nafaka haliingii mjini na watu wanalala njaa, lakini malkia wa pande zote mbili wanapita kama wanakwenda sokoni Arua na kurudi. Mnaniuliza kwa nini nakasirika?

Uamuzi wenyewe haukufichwa. Machi 2023, kabla hata ya upigaji picha kuanza, ilisharipotiwa kwamba msimu umepunguzwa kutoka kumi hadi nane na kwamba vita vikubwa vimesukumwa hadi msimu wa tatu. Vita hivyo ni vya Gullet, vya meli na majoka. Ryan Condal, anayeiongoza tamthilia hii, amejitetea kwamba vita vile vinastahili muda na nafasi yake. Sawa. Basi panga hadithi iishie kabla havijanukia. Huwezi kuwapikia watu harufu kwa wiki nane.

Wanaonisoma wanajua nitakakokwenda sasa, na wasiotaka kusikia waruke aya tatu. Game of Thrones, iliyoitangulia House of the Dragon, ilikuwa na sheria, hata kama haikuandikwa popote: ya tisa inalipa, ya kumi inaomboleza. Msimu wa kwanza, ya tisa, kichwa cha Ned kilianguka. Wa pili, ya tisa, Blackwater. Wa tatu, ya tisa, harusi ambayo sina haja ya kuitaja jina. Wa nne, ukuta wa Castle Black. Wa sita, Jon Snow na Ramsay uwanjani. Mtazamaji alijifunza kupumua kwa mpangilio huo. Ya saba na ya nane ulivumilia mazungumzo marefu kwa sababu ulijua kinachokuja. Na ya kumi iliwapa watu nafasi ya kuzika, kuapa na kuondoka, ndiyo maana zile fainali hazikuhitaji mlipuko ili zikae kichwani. Hata House of the Dragon yenyewe, msimu wa kwanza, iliheshimu utaratibu: ya tisa Rhaenys akapasua sakafu akiwa juu ya joka lake Meleys, ya kumi joka Vhagar akamtafuna Lucerys. (Na ndiyo, bado sijamsamehe Rhaenys. Aliwaona mahasimu wote jukwaani, mstari mmoja, neno moja tu la kumwambia joka lingemaliza vita. Akageuka akaondoka. Tuendelee.)

Anayedai kwamba pesa ndiyo ilikosekana namrudisha Blackwater, 2012. Bajeti ilikuwa ya kubanwa hadi watayarishaji wakaenda kuiomba HBO nyongeza. Mwongozaji, Neil Marshall, aliitwa dakika za mwisho. George R. R. Martin aliandika muswada mwenyewe. Ufundi wao ulikuwa nini? Walifunga milango. Episodi nzima ilikaa mahali pamoja, usiku mmoja: Tyrion ukutani, Cersei ndani na wanawake akinywa divai na kumtisha Sansa, Stannis majini. Mlipuko mkubwa ni mmoja tu, ule wa kijani, na baada yake ni wanaume kupiga kelele gizani na ngazi kugonga ukuta. Kilichotutoa jasho ni kwamba tulijua kila mtu ndani ya ngome ile anaogopa nini. Vita vya Gullet vingeweza kuchezwa hivyohivyo: sitaha ya meli moja, joka moja linaloonekana, mengine tusikie mabawa tu.

Na gizani hapo pana somo. Mnakumbuka The Long Night, Aprili 2019, dakika themanini na ushee, Winterfell? Wapiga picha walikesha usiku hamsini na tano nje, kisha mpiga picha wao mkuu, Fabian Wagner, akasema tatizo ni televisheni zetu. Hapa Arua wakati huo hatukuwa hata kwenye gridi ya taifa. Jenereta ikikohoa, skrini ya kibanda inapoteza nusu ya mwanga wake. Tulijua nani ameuawa kwa sababu vijei, msimulizi wa kibandani, alituambia, na ninashuku naye alikuwa anabahatisha. Usiku wa Blackwater ulikuwa na mwanga wa moto kila pembe, ukasomeka hata kwenye skrini ya inchi kumi na nne. Usiku wa Winterfell ulipigwa kwa ajili ya chumba cha uhariri.

Ili nisionekane mtu wa kulalamika tu: vita vya Rook's Rest, episodi ya nne ya msimu wa pili, chini ya Alan Taylor, vilikuwa kazi safi, mchana kweupe, na unajua kila sekunde joka gani liko wapi. Ya saba, joka Vermithor alipowachoma waliokuja kujaribu bahati, nayo ilisimama.

Lakini tazameni gharama yake kwa mpangilio. Kilele kikiwa cha nne, kilichofuata ni nini? Daemon Harrenhal. Anaota, anaamka, Alys Rivers anamnywesha kitu, anaota tena. Wiki baada ya wiki. Matt Smith ana uso wa kubeba ukimya, ila hakuna uso wa kubeba kusubiri kiasi hicho. Vijei mzuri alikuwa anajaza pengo kwa kumtungia Daemon madeni ya kodi ya nyumba, na ninakiri kibanda kilicheka kuliko kilivyotetemeka msimu mzima.

Kuna wanaoniambia kwamba kumwacha mtazamaji hewani ni utamu wa tamthilia. Ni kweli, ila inategemea unamwacha kwa muda gani. Lamata, anayetengeneza tamthilia ya Jua Kali, anakukatia mahali pabaya kila mara, halafu siku si nyingi yuko hewani tena. Kikundi cha Kaole kilitufanyia hivyo kupitia ITV ya Dar es Salaam, wiki kwa wiki, na hakuna aliyelalamika. Msimu wa kwanza wa House of the Dragon ulikwisha Oktoba 2022, wa pili ukaanza Juni 2024, wa tatu ni 2026. Kwa mwendo huo mwanafunzi aliyeanza kidato cha kwanza Mvara Secondary na msimu wa kwanza atakuwa ameshamaliza cha nne kabla hajaona meli mbili zikigongana.

Sasa huo msimu mpya. Utakuwa na episodi nane tena, na Condal ameshasema hadithi itafungwa na msimu wa nne. Gullet ikija mapema, kama inavyotarajiwa, itakuwa deni la zamani linalolipwa, na waandishi watajikuta wana episodi nyingi mbele bila kilele. Waliosoma kitabu cha Fire & Blood wanajua nani hatarudi kutoka majini na wanajua vita vya Tumbleton vinakuja. Ushauri wangu ni wa bure: sheria ya tisa na kumi inahamishika, si lazima ife. Tumbleton iwe ya saba. Ya nane waachiwe waliobaki wahesabiane maiti, bila meli mpya, bila admirali mpya, bila kutweka tanga. Na Daemon akianza kuota tena, mimi natoka nje kununua rolex ya chapati na mayai; mtaniita joka likitokea.