Mawe ya Katikati

Kwetu Kaloleni ukuta hauanzi mpaka saruji ifike. Fundi huketi juu ya lundo la mawe, timazi na mwiko miguuni, akingoja mifuko kutoka dukani. Ndivyo alivyofundishwa, nami nisingejua kuna njia nyingine kama nisingesafiri hadi Migori, kupitia Homa Bay na Rodi Kopany, nikasimama mbele ya maboma ya kale ya mawe ya Thimlich Ohinga.

Pale hakuna saruji wala chokaa. Mawe yenyewe hayakuchongwa. Kila moja lina umbo lililozaliwa nalo. Hata hivyo kuta zimesimama tangu yapata karne ya 16, mahali pengine zikifika mita 4.5 kwenda juu, unene wake kama mita moja. Kwa Kijaluo Thimlich hutaja msitu mnene wa kutisha, na ohinga ni boma. Boma kubwa kuliko yote linaitwa Kochieng.

Nilikaa sana mahali ambapo sehemu ya ukuta imefumuka, kwa kuwa hapo ndipo kazi inapojieleza. Ukuta mmoja ni tabaka tatu. Uso wa nje umepangwa kwa makini, wa ndani vivyo hivyo, na katikati pamejazwa mawe madogo yakabanana. Hayo ya katikati hakuna mgeni atakayeyasifu, maana hayaonekani. Lakini aliyeyajaza alijua kwamba ndiyo yanayoshikilia nyuso mbili zisiachane, na hakufanya haraka. Jiwe unaligeuza mkononi, ukalijaribu, ukaliondoa, ukatafuta jingine. Ukikosea, hakuna uji wa saruji wa kuziba pengo.

Tena ukuta haunyooki. Unapindapinda, na kila mpindo huuegemeza ukuta usilale upande mmoja. Tusiojua tungeuona umepotoka.

Mlangoni unainama. Juu ya kichwa, linta ni mawe marefu yaliyolazwa kutoka ukingo hadi ukingo. Waliojenga daraja la mawe la Karytaina kule Ugiriki walivuka mto kwa matao, mawe yakisukumana yasianguke. Hawa wa kwetu walivuka upenyo wa mlango kwa mawe ya kulaza. Kwenye matao uzito ambao ungebomoa ndio uliopewa kazi ya kushika; kwenye linta jiwe lenyewe ndilo linaloubeba.

Serikali ililitangaza eneo hili kuwa kumbukumbu ya taifa mwaka 1981, na UNESCO ikaliingiza katika Urithi wa Dunia mwaka 2018. Nilifurahi, lakini kinachonigusa zaidi ni wale waliohamia baadaye, jamii moja baada ya nyingine, wakakuta kuta zilizojengwa na wengine, wakazikarabati wakakaa humo. Mtu aliokota jiwe lililoanguka, akasoma mkono wa fundi asiyewahi kumwona, akalirudisha.

Kabla ya kuondoka nililigusa kwa kidole jiwe dogo, kubwa kidogo kuliko yai, lililobanwa kati ya mawili makubwa. Halikutikisika.