Mwenye Kosa Naye Huitikia

Msibani hapa Kitete, Tabora, mtani haombi ruhusa. Atajilaza mbele ya jeneza, aape marehemu hatoki ndani mpaka deni lake lilipwe, amwige alivyokuwa akiyumba akitoka kilabuni, na mjane atacheka huku machozi yanamtoka. Maneno hayo hayo angeyasema jirani, pangechimbika. Mtani ameachiwa mlango tangu enzi za misafara, wapagazi wa Kinyamwezi waliposhusha pembe pwani na kuzoeana na Wazaramo.

Msanii hana mlango huo. Lazima autoboe mwenyewe, na mfano ninaoupenda uko Malya, Kwimba, kwenye reli ya kutoka hapa kwenda Mwanza. Mwaka 1982 na 1983, Penina Muhando Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walifanya kazi kijijini hapo. Muhando alikuwa na tamthilia yake ya 1972, Hatia, iliyokwisha kugusa mimba ya nje ya ndoa. Angeweza kuipeleka ikachezwa, watu wakapiga makofi wakaenda kulala. Badala yake, yeye na wenzake walianza kwa kukaa na wanakijiji na kuuliza kinachowasumbua. Likaibuka lile linalosemwa jikoni tu: wasichana wadogo wanaopata mimba. Likaundiwa ngoma, nyimbo na maigizo, yakafuatwa na mjadala.

Kwa nini ngoma? Hotuba ina msemaji mmoja, na msemaji mmoja hugombwa kirahisi: huyu naye ni nani? Wimbo wa ngoma hauna mwenyewe. Manju anatupa mstari, wengine wanapokea. Anayepokea hajamshtaki mtu, ameitikia tu, lakini tuhuma imeshapita kinywani mwake. Wala mwanamume aliyekana mimba hayuko mbali. Yuko kwenye duara. Akiitikia amekiri kidogo. Akinyamaza, kimya chake kinaonekana.

Linganisha na Spring Awakening, mchezo wa nyimbo uliofika Broadway mwaka 2006 kutokana na tamthilia ya Frank Wedekind ya karne ya 19. Kisa ni kile kile: msichana Wendla anapata mimba kwa sababu mama yake aliona haya kumweleza mtoto anatoka wapi. Ila humo wimbo ni wa moyoni. Vijana huchomoa maikrofoni kwenye makoti na kuimba rock, kisha wanarudi kuwa watoto wanyamavu mbele ya wakubwa. Mzazi aliye jukwaani hasikii. Anayesikia ni aliyekata tiketi. Mbinu nzuri sana, lakini ingepelekwa Malya ingekwama, maana pale mzazi ndiye hasa aliyetakiwa asikie.

Nimeona vikundi vingi vya ngoma za afya ambavyo vimechukua ngoma na kuacha mengine yote. Nyimbo zimeletwa zimeandikwa, fulana zinafanana, jibu linajulikana kabla ngoma haijapashwa moto. Msichana ndiye anayeonywa, beti baada ya beti. Onyesho likimalizika wanapakia vifaa garini.

Malya ngoma ilipolazwa chini ndipo kazi nzito ilipoanza. Kwangu mjadala ule ni onyesho la mwisho la mchezo, lisilo na mswada: wazazi, vijana na wazee kwenye vumbi lile lile, kila mmoja akiwa ameshaimba.