"Nimeokoka" na "Nimeokolewa": Uhakiki wa Lugha ya Ushuhuda

Katika mikutano ya uamsho inayofanywa pande zote mbili za Mto Sio, tangu Lunyo na Lumino upande wa Uganda hadi Funyula upande wa Kenya, kuna sentensi moja ambayo msikilizaji hawezi kuikosa. Msemaji husimama, huwasalimu ndugu kwa jina la Bwana, kisha husema: "Mimi nimeokoka." Hapo ndipo ushuhuda huanza. Nyumbani watu hawa husema Kisamia. Kanisani wazee wengi wamelelewa katika Kiganda. Lakini wageni wakivuka kutoka ng'ambo, Kiswahili ndicho kinachowaunganisha. Kwa hiyo ushuhuda ni fasihi simulizi ya Kiswahili iliyo hai kabisa katika mipaka yetu, nayo yastahili kuhakikiwa kama tunavyohakiki ngano au utenzi. Ajabu ni kwamba sisi walimu tumewaachia wachungaji peke yao.

Nianze na sarufi, maana huko ndiko kwenye siri. Kitenzi okoka kimo katika kauli ya kutendeka. Tunapowafundisha wanafunzi kauli hii twatoa mifano ya kikombe kilichovunjika na mlango uliofunguka: jambo limetokea, mtendaji hatajwi, wala hatuna haja ya kumwuliza. Katika Kiswahili cha kila siku, mtu aliyeokoka ni yule aliyenusurika, mathalani katika ajali ya basi. Pengine aliokolewa na wenzake, pengine aliruka dirishani mwenyewe; kitenzi hakisemi. Kinyume chake, okolewa ni kauli ya kutendwa, nayo hudai jina la mtendaji nyuma yake: umeokolewa na nani? Sasa mafundisho ya Kikristo juu ya neema yamesimama juu ya swali hilohilo. Paulo, akiwaandikia Warumi, ashikilia kwamba mwanadamu hana alichofanya hata astahili wokovu; mtendaji ni Mungu peke yake. Kwa mantiki hiyo tungetazamia waamini waseme "nimeokolewa". Lakini walichagua kauli isiyo na mtendaji. Na si Kiswahili tu: katika Kiganda nako husemwa okulokoka, na mtu huitwa mulokole.

Sidai kwamba waliokoka hawamjui aliyewaokoa. Watakutajia jina lake mara kumi kabla hujaketi. Ninachodai ni kwamba lugha iliacha ufa mdogo, na katika ufa huo ustahili uliofukuzwa mlangoni umepata pa kurudi kuingilia.

Tutazame historia. Mwezi wa Septemba 1929 Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church walikutana Namirembe, Kampala, wakasoma Maandiko na kuomba pamoja. Kutoka hapo, na kutoka hospitali ya misheni ya Gahini nchini Rwanda, uamsho ulienea Uganda, Kenya na Tanganyika katika miaka ya 1930 na 1940. Kiini chake kilikuwa kuvunjika: msomi, mke wa kasisi, fundi, wote walisimama mbele ya watu na kutaja dhambi zao waziwazi. Kanisa la wakati ule lilikuwa na vyeo vyake, na madaraja ya nani abatizwe na nani ashiriki meza ya Bwana. Kwa hiyo ujumbe kwamba askofu na mpishi wake wote hawastahili sawasawa ulikuwa habari njema kweli, tena ya hatari. Mwaka 1941 wanafunzi 26 walifukuzwa katika Chuo cha Askofu Tucker, Mukono, akiwamo William Nagenda. Lawama kubwa juu yao ilikuwa majivuno. Ni neno la kutafakari: watu waliohubiri kwamba hawastahili kitu walishtakiwa kwa kujiona.

Naona lawama hiyo ilikuwa na chembe ya kweli, ingawa adhabu ilikuwa nzito mno. Ushuhuda, kama utanzu wowote, ulipata kanuni zake. Una sehemu tatu: maisha ya giza, saa ya kuokoka, mwenendo mpya. Sehemu ya kwanza ndiyo tamu; humo msemaji stadi huwafanya watu wacheke na kulia. Mtu mwenye dhambi kubwa hupata ushuhuda mkubwa, na mama mtulivu aliyelea watoto sita bila kisa chochote hukaa kimya nyuma, ataona haya kusimama. Ndivyo kuvunjika kunavyogeuka kuwa kipimo. Mtu huanza kustahili kwa kueleza vizuri jinsi asivyostahili.

Kisha zikaja mgawanyiko. Kule Nyanza, katika miaka ya 1950, walitofautiana Joremo, yaani watu wa damu, na Johera, watu wa upendo, hata mwaka 1957 Matthew Ajuoga na wenzake wakajitenga na kuanzisha Kanisa la Kristo katika Afrika. Nchini Uganda walitokea Abazukufu, "walioamka", waliofundisha pamoja na mengine kwamba aliyeokoka asiishi na deni. Sina ugomvi na mtu asiyekopa. Laiti tungeweza sote. Lakini tazameni kejeli iliyomo: wale wanaoimba kwamba deni lao lote limekwisha kulipwa na mwingine wafungua daftari jipya, na humo wapimana.

Msamiati nao una sehemu yake. Neema, kwa mkulima wa Lunyo, kwanza ni mvua: mwaka wa neema ni mwaka wa mtama na mihogo tele. Maana hiyo haipingani na ile ya kanisani, bali yaisaidia, kwa kuwa hakuna aliyewahi kuistahili mvua. Shida iko katika neno bure. Lina maana mbili, bila malipo na bila faida, na sikio la mtu wa mpakani, aliyezoea kwamba kila mzigo una ushuru wake, husikia upesi ile ya pili. Mtu bure ni mtu asiye na maana. Basi mhubiri akisema wokovu ni wa bure hushuku mwenyewe kwamba ameushusha bei, akaharakisha kuongeza masharti. Wakatoliki wa misheni za Mill Hill walikwenda njia nyingine: katika Kiswahili chao limo neno mastahili, nalo hutumiwa kwanza kwa mastahili ya Kristo. Waprotestanti wengi hulikwepa. Hata hivyo tangu 31 Oktoba 1999, Walutheri na Wakatoliki walipotia saini tamko la pamoja huko Augsburg juu ya kuhesabiwa haki, ugomvi huo wa karne nne na zaidi umepoa sana katika vitabu. Vijijini haujapoa hivyo.

Au chukueni mfano wa wafanya kazi katika shamba la mizabibu, walioajiriwa kwa nyakati mbalimbali na kulipwa sawa jioni. Neno letu kibarua asili yake ni barua ndogo, karatasi aliyopewa mfanya kazi ili siku zake zihesabiwe. Msikilizaji wa Kiswahili anakuja kwenye mfano huu akiwa na karatasi yake mkononi. Kila nilipousoma darasani, wanafunzi walikuwa upande wa walionung'unika. Na mimi nadhani mfano ulitungwa kwa ajili ya wasikilizaji wa namna hiyo.

Lakini mtihani mkali wa lugha hii haukuwa shamba la mfano. Ulikuwa Februari 1977. Tarehe 16 waliuawa Askofu Mkuu Janani Luwum na mawaziri wawili, Erinayo Oryema na Charles Oboth Ofumbi. Serikali ikatangaza kwamba ni ajali ya gari. Oboth Ofumbi alikuwa mwana wa Tororo, na Askofu Yona Okoth wa Bukedi, ambaye baadaye mwaka 1984 alikuja kuwa askofu mkuu, alikuwa miongoni mwa waliosakwa. Kwetu basi habari hizi si za Kampala. Ni za nyumba jirani. Mwaka uleule Festo Kivengere, askofu wa Kigezi na mtoto wa uamsho, aliyekimbia kwa miguu hadi Rwanda, alitoa kitabu chenye jina la kumwudhi kila mfiwa: I Love Idi Amin, yaani "Nampenda Idi Amin".

Nimekisikia kitabu hiki kikitukanwa na watu ambao hawakupita jalada. Ndani yake Kivengere hamtetei Amin wala hafichi mauaji. Anachofanya ni kufuata kanuni za ushuhuda: anaungama dhambi yake mwenyewe, nayo ni chuki yake kwa Amin. Hapa utanzu umefika kilele chake, maana dhambi inayoungamwa ni ile ambayo kila msomaji angeiita haki. Hakuna sifa ya kuvuna. Msemaji hatoki akiwa shujaa. Anatoka akiwa amewekwa benchi moja na muuaji, nalo ndilo fundisho la Paulo bila kupunguzwa.

Hata hivyo nina pingamizi moja. Kusamehe nako ni kitenzi kinachomtaka mtendaji, na mtendaji si yeyote. Kivengere aliweza kusamehe alichotendewa yeye: uhamisho, hofu, kumpoteza rafiki. Cha mjane wa Tororo hakuwa nacho mkononi. Wahubiri waliomfuata hawakulinda mpaka huo. Waliuchukua mfano wake wakaufanya amri, na baada ya Amin kuondolewa mwaka 1979 wako wafiwa walioambiwa kwamba kama hawajasamehe, hawajaokoka. Sitaki kupita hapa upesi. Kumwambia mfiwa hivyo ni kumtoza malipo kwa kitu ambacho wewe mwenyewe umehubiri kuwa ni bure. Amin alifariki Jeddah tarehe 16 Agosti 2003 bila kufikishwa mbele ya hakimu yeyote. Kama neema ilimfikia, haikupita mahakamani wala haikuchukua nafasi ya mahakama, na anayedai haki hajaikana neema.

Kwa wenzangu wafundishao kidato cha juu napendekeza zoezi. Waacheni wanafunzi waandike ushuhuda mfupi, wa kweli au wa kubuni, kisha wageuze kila okoka iwe okolewa na wamtaje mtendaji kila mara. Sentensi nyingi zitabadilika baada ya hiyo ya kwanza. Baadhi hazitasimama tena. Wakati wa kusahihisha, alama zitolewe kwa sarufi tu.