Ufa Upi Kwanza? Sifa za Ukaguzi wa Stima

Methali ya usipoziba ufa utajenga ukuta inasifiwa kwa haki, lakini imeacha swali moja bila jibu. Nyumba ikiwa na nyufa kumi na mbili, na mwenyewe ana saruji ya kuziba tatu tu, aanze na upi? Swali hilo ndilo kazi ya kila siku ya mkaguzi wa stima. Akitoka katika jengo la ghorofa River Road jijini Nairobi, au katika ploti ya kupangisha Kawangware, daftari lake huwa limejaa: bodi isiyo na kifuniko, soketi iliyolegea ukutani, breka kubwa kuliko waya wake, nyaya za rangi za zamani, shawa isiyo na waya wa ardhi. Kuziona kasoro hizo ni nusu ya kazi, tena nusu nyepesi. Nusu nzito ni kuzipanga: ipi inaweza kuua leo, ipi inangoja jambo moja tu litokee ndipo iue, na ipi ni upungufu unaoweza kungoja bila mtu kudhurika. Ninachotetea hapa ni kwamba upangaji huo ndio kiini cha ufundi wa ukaguzi, na kwamba ujasiri wa kuandika "hili si hatari" una thamani sawa na ujasiri wa kuandika "zima sasa hivi".

Ngazi inayotumika sana katika kazi hii ilitoka Uingereza, kama ilivyotoka soketi yetu ya matundu matatu. Wahandisi wa London walichapisha kanuni zao za kwanza mwaka 1882, hofu yao kubwa ikiwa moto. Kanuni hizo zimeandikwa upya mara nyingi, leo zinaitwa BS 7671, na mafundi wengi wa Kenya wamezisomea. Hadi 2011 ripoti zilizozifuata zilikuwa na namba nne. Ya kwanza ilidai kasoro ishughulikiwe haraka, ya pili ilisema pana haja ya kuboresha, ya tatu iliomba uchunguzi zaidi, na ya nne ilieleza kwamba kazi hailingani na kanuni za sasa, bila kumaanisha kwamba si salama. Tatizo linaonekana mara moja: kutojua kulikuwa kumewekwa katikati ya ngazi ya hatari, kana kwamba jambo ambalo bado halijachunguzwa tayari limepimwa uzito. Marekebisho ya 2011 yalibakisha madaraja matatu, yaani hatari iliyopo, hatari inayoweza kutokea, na jambo linalofaa kuboreshwa. Uchunguzi zaidi ukawekwa kando ya ngazi. Ripoti yenye hata kasoro moja ya madaraja mawili ya juu hairidhishi, na yenye kasoro za daraja la tatu pekee inaridhisha. Mabadiliko hayo yanaweza kudhaniwa kuwa ya makaratasi tu, lakini yaliurudisha ufundi kwenye swali lake halisi: nani ataumia, na ataumia lini?

Njia ya kulijibu swali hilo ni kuhesabu mambo yaliyobaki kabla ya mtu kuumia. Kama hakuna lililobaki ila mkono kugusa, hilo ni daraja la kwanza. Chukua bodi iliyong'olewa kifuniko kwenye ngazi za jengo la katikati ya jiji, mahali wanapopita wapangaji, wachuuzi wenye mizigo na watoto. Mwili wa mtu, kutoka mkono hadi mguu, ukikadiriwa kuwa na ukinzani wa omu 1,500, volti 240 zitasukuma ndani yake miliampea 160. Kifaa cha RCD, kinachokata stima inapovuja, kimewekewa kikomo cha miliampea 30 kwa sababu juu ya hapo mapigo ya moyo yanaweza kuvurugika. Kituo cha zimamoto cha Tom Mboya kiko karibu na River Road, lakini ukaribu huo haumsaidii mtu aliyeshikwa na stima, maana madhara yanaweza kutimia chini ya sekunde moja. Ndiyo sababu daraja la kwanza haliishii kwenye karatasi. Mkaguzi anayeliandika anawajibika kuzima sehemu hiyo au kuifunika kabla hajaondoka, na kumweleza mwenye jengo au keateka ana kwa ana. Akiandika "hatari iliyopo" kisha akaenda zake, ameiacha hatari aliyoitambua ikiwa pale pale.

Daraja la pili linadai akili zaidi, kwa sababu ubaya wake umefichwa na utulivu. Nyumba nyingi za Nairobi, kuanzia vyumba vya Kangemi hadi fleti za Kilimani, huchemsha maji kwa shawa ya stima iliyofungwa juu ya kichwa cha anayeoga. Katika nyingi za aina hiyo waya wa kuchemshia umelala ndani ya maji yenyewe, na waya wa ardhi ndio unaotoa stima inayovuja kabla haijamfikia mtu. Shawa isiyo na waya huo inaweza kutumika miaka mingi bila kisa, na mwenye nyumba ataileta miaka hiyo kama ushahidi kwamba iko sawa. Lakini miaka hiyo inathibitisha tu kwamba jambo moja lililobaki bado halijatokea. Vivyo hivyo breka. Shawa ya kilowati 5.5 huvuta karibu ampea 23. Ikiwa imeunganishwa kwa waya wa milimita 2.5 za mraba, waya huo uko ukingoni mwa uwezo wake. Breka ya ampea 20 inapokatakata, fundi asiye na subira huing'oa na kuweka ya 32 ili isisumbue tena. Sasa waya unaweza kuungua ndani ya ukuta na breka isihisi kitu. Mpangaji anafurahi kwamba stima haikatiki, na furaha hiyo ndiyo dalili ambayo mkaguzi mzuri huisoma kinyume.

Hapo ndipo ufundi huu unapowapita wanaoamini macho peke yake. Nyumba mpya ya Lavington yenye marumaru na soketi zinazong'aa inaweza kuwa na hatari kubwa kuliko chumba cha mabati chenye waya uliochakaa, na kipimo pekee ndicho kitakachosema. Tuseme nyumba hiyo inategemea fimbo yake ya ardhi, na fimbo imepimwa omu 20. Friji ikipata shoti, waya wa moto ukigusa mwili wake wa chuma, volti 240 kugawanya kwa omu 20 ni ampea 12. Breka ya ampea 32 haitakata kwa ampea 12, wala ya 20 haitakata. Mwili wa friji utabaki na stima, ukimngoja mtu mwenye miguu peku. Ikiwepo RCD ya miliampea 30, fimbo hiyo hiyo inatosha na kubaki, kwa maana kimahesabu hata omu 1,600 zingevumilika, ingawa kanuni huonya kwamba fimbo inayozidi omu 200 haitegemeki. Haitegemeki kwa sababu ardhi yenyewe hubadilika. Udongo mwekundu wa magharibi mwa Nairobi ukikauka mwezi wa Februari hautoi kipimo kile unachotoa mvua za masika zikiwa zimeulowesha mwezi wa Aprili. Basi kutokuwepo kwa RCD hakuna daraja moja la kudumu. Katika nyumba inayotegemea fimbo yake ni daraja la pili. Katika jengo lenye njia ya chuma ya kurudishia stima hadi kwenye transfoma, soketi za ndani zinaweza kuwekwa daraja la tatu, na zile zinazolisha mashine za nje zikabaki la pili. Anayetaka orodha ya kukariri hapa atakosea, maana kasoro moja hubeba uzito tofauti kulingana na vilivyoizunguka.

Daraja la tatu ndilo linalopima uaminifu wa mkaguzi. Fikiria nyumba za mawe zilizosalia Kileleshwa, zilizojengewa maofisa wa serikali enzi za ukoloni. Ndani yake unaweza kukuta waya mwekundu wa moto na mweusi wa nyutro, wakati rangi mpya zilizoidhinishwa Uingereza mwaka 2004 ni kahawia na buluu. Rangi ya zamani haimuui mtu. Ikiwa mpira wa nyaya haujapasuka, vipimo ni vizuri na breka zinalingana, rangi hizo hazistahili hata kuitwa kasoro. Mambo hubadilika nyumba inapoongezewa sehemu mpya yenye njia tatu za stima kwa rangi mpya, kwa sababu weusi uliokuwa nyutro sasa ni moto, na buluu iliyokuwa moto sasa ni nyutro. Hapo kibandiko cha onyo kwenye bodi kinafaa, na mkaguzi ataandika daraja la tatu kwa dhamiri safi. Kishawishi ni kuandika la pili. Mwenye nyumba haelewi lugha ya nyaya, anaogopa, na pengine anayekagua ndiye atakayelipwa kurekebisha; kila kasoro inayopandishwa daraja ni kazi ya wiki ijayo. Kumtisha ni rahisi. Lakini pesa aliyoimaliza kung'oa nyaya nzima nzima ndiyo pesa ambayo ingefunga RCD na kuipa shawa waya wa ardhi. Hofu iliyouzwa mahali pasipo hatari huondoa ulinzi mahali penye hatari.

Wapo watakaopinga kwamba madaraja ni mwanya wa wenye nyumba. Mwambie mmoja wao kwamba jambo "linafaa kuboreshwa" naye atalisoma kama ruhusa ya kutofanya lolote. Heri basi kila kasoro iitwe hatari ili kila kasoro irekebishwe. Hoja hii ina uzito, kwa kuwa mwenye nyumba wa aina hiyo yupo na anajulikana. Lakini dawa inayopendekezwa inamnufaisha yeye. Ripoti yenye hatari thelathini zilizo sawa haina pa kuanzia, na asiyetaka kuanza hupata kisingizio bora kabisa: kazi ni kubwa mno, tutaangalia mwakani. Ripoti yenye hatari mbili zilizotajwa waziwazi, sababu yake na mahali pake, inamnyang'anya kisingizio hicho. Inampa mpangaji, wakili na kampuni ya bima sentensi wanayoweza kuinyooshea kidole. Zaidi ya hayo, neno linalotumika kwa kila kitu huchakaa. Siku mkaguzi atakapoandika "zima sasa hivi" kuhusu bodi inayoweza kuua, ataaminiwa kwa kadiri alivyokuwa mwangalifu katika ripoti zake zote zilizotangulia.

Wengine husema kwamba kupanga madaraja ni maoni tu: wape wakaguzi wawili jengo moja, watatoa majibu mawili. Hutokea, wala si aibu ya ufundi huu peke yake. Jibu ni kuidai hukumu ijieleze. Mkaguzi aandike kipimo, ataje siku na hali ya ardhi alipopima, aseme jambo gani limebaki kabla mtu hajaumia na nani atakuwa hapo litakapotokea. Hapo wawili wanaotofautiana wana kitu cha kujadili, na asiye na sababu anajulikana. Mahali asipojua, aseme hajui, ndiyo maana uchunguzi zaidi una nafasi yake nje ya ngazi. Taa zikiwa kali mno katika fleti moja na hafifu katika jirani yake, huenda nyutro imelegea mahali fulani katika jengo, na ikikatika kabisa vyombo vya mtu vinaweza kupokea volti zinazokaribia 415. Mkaguzi ambaye hajapaona palipolegea hawezi kulipanga jambo hilo kwa kubahatisha, na pia hawezi kulinyamazia. Anaandika kwamba uchunguzi unatakiwa, na unatakiwa upesi.

Pingamizi lililo kali kuliko yote linatoka Kangemi na Kawangware. Huko, mtu atasema, ambako waya mmoja hupita kutoka chumba hadi chumba juu ya mabati, kila kitu ni daraja la kwanza, na ngazi hii ni anasa ya Westlands. Mimi naona kinyume chake. Ngazi ina faida ndogo kwa mwenye pesa ya kurekebisha yote kwa mpigo. Faida yake kubwa ni kwa asiye nayo. Palipo na shilingi chache, mpangilio ndio unaookoa: kwanza maungio yaliyo wazi yafunikwe na waya unaogusa mabati uondolewe, kisha fimbo ya ardhi na RCD moja mwanzoni mwa ploti, ndipo mengine yafuate. Hatua hizo haziifanyi ploti iwe halali kikanuni, na mkaguzi asidai hivyo. Lakini watu wanaolala humo usiku wa leo wana haki ya kujua kipi kinaweza kuwaua kwanza, bila kungojeshwa hadi siku ambayo kila kitu kitakuwa sawa.

Kenya haikosi msingi wa kujengea desturi hii. Chini ya Sheria ya Kawi ya 2019, mamlaka ya EPRA hutoa leseni kwa mafundi wa stima kwa viwango tofauti, na nyumba mpya huhitaji cheti cha fundi mwenye leseni kabla ya Kenya Power kuiunganisha. Cheti hicho kinaeleza hali ya siku moja, na jengo huishi miongo mingi baada yake, likibadilisha wapangaji, mizigo ya stima na mafundi. England, tangu kanuni za 2020, mwenye nyumba ya kupangisha hulazimika kuikaguza kila baada ya miaka mitano, na kasoro za madaraja mawili ya juu zina muda wa kurekebishwa. Mji unaokua kama Nairobi, wenye nyaya za vizazi vinne ndani ya mwendo wa nusu saa, unahitaji nidhamu hiyo hata zaidi. Lakini hakuna kanuni itakayofanya kazi bila mtu mwenye mita mkononi anayejua kutofautisha kinachotisha na kinachoua, na anayekataa kuuza kimoja kwa jina la kingine. Anayepokea ripoti ya ukaguzi asianze na bei. Aanze kwa kuuliza kwa nini la kwanza limewekwa la kwanza, na kwa nini la mwisho linaweza kungoja. Mkaguzi anayejibu maswali yote mawili kwa utulivu, kipimo kikiwa mezani, anastahili heshima tunayompa daktari anayetuambia ukweli, na anastahili kulipwa kwa ukweli huo hata pale ambapo hakuna cha kurekebisha.