Dawa Isiyonata: Namna ya Kumpima Mtibabu wa Kikohozi

Kiangazi hiki, kwenye mnada wa Ilongero, mkoani Singida, muuzaji mmoja mwenye kipaza sauti amepata sifa asizostahili. Anauza chupa za maji meusi zenye maandishi ya Kichina, tamu kwa asali, na kila anayekohoa hupewa ileile. Mama mmoja mtu mzima alimsogelea, akaeleza kwamba anakohoa usiku, kifua kikavu, na jasho linamtoka akiwa amelala. "Mama, vijiko viwili tu, utalala," akajibiwa, na fedha ikapokelewa. Hakuulizwa neno. Ulimi wake haukutazamwa. Pembeni watu wakaambiana kwamba huyo ndiye bingwa wa dawa za Kichina, na wengine wakanunua chupa mbili mbili.

Mimi kazi hii nimeanza kwa kuchambua majani na kusugua vikaango vya mwalimu mkali, na siwezi kuisikia sifa hiyo nikanyamaza. Tiba ya Kichina ya kikohozi ina vipimo vyake. Anayetaka kujua kama yuko mbele ya fundi, avitumie.

Fundi huanza kazi mgonjwa akiwa bado mlangoni. Anasikiliza kikohozi kinatokea wapi, ni kizito au kikavu, kina pumzi au kimechoka. Kisha anauliza makohozi. Meupe na mepesi, pamoja na mafua ya maji na kuhisi baridi mgongoni, ni upepo-baridi. Ya njano na mazito, koo likiwasha, ni upepo-joto. Machache, yanayonata na kukataa kutoka, ni ukavu. Mengi, meupe, yanayojaa asubuhi na baada ya kula, hapo mapafu ni ghala tu, mwenye kosa ni wengu. Vitabu vya kale vya Wachina vimeshikilia kwamba kila kiungo cha ndani kinaweza kuleta kikohozi, na mtibabu anayetibu mapafu peke yake kila siku hajavisoma.

Mshipa hushikwa baada ya maswali, mikono yote miwili, kwa vidole vitatu. Anayeukimbilia mkono kabla ya kuuliza anatafuta kukustaajabisha. Anayeshika mkono mmoja simhesabu kabisa.

Fundi wa Ilongero lazima pia aijue Ilongero. Upepo wetu wa kiangazi unakausha midomo na koo, na vumbi la kupura mtama na alizeti linamaliza kazi. Vikohozi vingi vya miezi hiyo ni vya ukavu, vinataka majani ya mforosadi na vitu vya kulainisha. Mvua zikishika, mambo hugeuka: unyevu, makohozi tele, na hapo maganda ya chenza yaliyokaa miaka 3 au zaidi ndiyo yenye kazi. Mtibabu mwenye dawa moja mwaka mzima hajawahi kutazama mawingu.

Sasa nije kwenye jambo ambalo mtazamaji wa kawaida halioni kamwe: asali, na namna inavyoingia kwenye dawa.

Sisi watu wa Singida tumezaliwa na asali. Mizinga imetundikwa hadi msitu wa Mgori, na kila bibi huweka chupa yake kwa ajili ya kifua cha mjukuu. Ndiyo maana tunadanganyika upesi: tukionja utamu, tunadhani tumepata dawa. Katika kazi hii asali ni njia ya kuandaa majani na mizizi, na ina wakati wake. Mimea ya ziwan, kuandonghua na baibu, na majani ya mlokwati: hizi dawa hutumika mbichi kikohozi kikiwa kipya na upepo bado uko juu juu, na hutumika zikiwa zimekaangwa kwa asali kikohozi kikiwa cha zamani, mapafu yakiwa yamechoka na kukauka. Kumjaza asali mtu aliyepigwa na baridi jana ni kumfungia upepo ndani. Fundi anajulikana kwa siku anazoizuia asali.

Na kuikaanga ni kazi ya mikono. Asali huchemshwa kwanza, povu na nta vikaondolewa, maji yakapungua. Kisha hulegezwa kwa maji kidogo ya moto na kumiminwa juu ya dawa iliyokatwa, kwa kawaida kama robo ya uzito wake. Hapo unachanganya, unafunika, unasubiri. Wenye haraka hawasubiri, na asali yao hubaki nje ya jani. Ikishanyonywa yote, dawa inaingia kwenye kikaango, moto mdogo, mkono hauachi kugeuza, mpaka rangi inazama na harufu inapanda.

Kipimo ni hiki: chukua gao moja la dawa iliyokwisha kupoa, ifumbate kwa nguvu, fungua mkono. Dawa nzuri inang'aa lakini inaachana, na kiganja kinabaki safi. Ikinata, asali haikuingia, na kabla ya mwezi kwisha utaona ukungu. Ikinukia kuungua, itupwe. Mwalimu wangu alikuwa akitufumbatisha dawa kila jioni. Aliyefungua mkono na jani moja limegandia kiganjani alirudia kazi yote kwa asali mpya. Majani ya mlokwati aliyapiga brashi mwenyewe kabla ya chochote, kwa sababu manyoya ya mgongo wa jani yakiingia kwenye chai ya dawa huwasha koo na kuzaa kikohozi kingine. Asali aliyoipenda ilikuwa nyeusi, ya msituni. Ya mashamba ya alizeti hakuigusa, nami siigusi.

Kuna watakaonijibu kwamba hata muuzaji wa mtaani anaweza kuwa na dawa ya kweli. Kweli, na Wachina wenyewe wana kisa chake. Mwanzoni mwa karne ya 12, kipenzi wa mfalme Huizong alikohoa mpaka uso ukavimba. Tabibu wa ikulu aitwaye Li alipewa siku 3 tu, akishindwa auawe. Nje akamsikia mchuuzi akinadi unga wa kikohozi kwa bei ya senti, akaununua, ukamponya mgonjwa. Wanaokisimulia kisa hiki huishia hapo. Wanasahau kwamba Li aliunywa yeye kwanza, na kwamba alimtafuta mchuuzi yule hadi akaijua dawa: kombe za kome zilizochomwa na nili kidogo. Hiyo ni dawa ya moto wa ini unaopanda mapafuni. Mpe mtu wa upepo-baridi, utamharibu.

Matapeli wa siku hizi ni wabaya kuliko mchuuzi yule. Wapo wanaosaga vidonge vya hospitali na kuvichanganya kwenye unga wa majani. Kikohozi kikikoma ndani ya saa moja, na baada ya wiki kadhaa za kunywa uso ukaanza kuvimba, usisifu mizizi.

Madaktari wa Kichina walianza kufika Zanzibar mwaka 1964, na Tanganyika ya zamani mwaka 1968 wakitokea mkoa wa Shandong. Wakati ule, dawa ilichemshwa kwenye chungu cha udongo na mgonjwa akiiangalia, na mtu aliijua harufu ya tiba yake. Leo ni vipakiti. Unga wa kipakiti haufumbatiki mkononi, kwa hiyo hauhukumiki.

Mwisho, fundi anajua mipaka yake: mtoto ambaye hajatimiza mwaka 1 hapewi asali ya aina yoyote. Mmea wa dawa uitwao mahuang haupewi mwenye shinikizo la damu. Na kikohozi cha wiki 2, au chenye damu, au cha jasho la usiku na kukonda, fundi wa kweli anakipeleka hospitali kikapimwe kifua kikuu kabla hajawasha moto wake. Yule mama wa mnadani alistahili kuambiwa hivyo siku ileile. Kipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya serikali, na mtibabu asiyekutuma huko usimrudie, hata kama dawa yake hainati.